Kitanda na Hazina: Namna ya Kuitazama Filamu ya Chi-Raq

Filamu inaanza bila mtu yeyote. Kioo ni cheusi, wimbo unapigwa, na maneno yake yanajiandika kwa rangi nyekundu mstari baada ya mstari, mtazamaji ayasome kama anayesoma tangazo la msiba. Kisha zinakuja hesabu: Wamarekani waliouawa vitani Iraq, waliouawa Afghanistan, na watu waliouawa Chicago kati ya 2001 na 2015. Chicago peke yake inapita elfu saba, zaidi ya vita vile viwili vikijumlishwa. Hapo jina linajieleza lenyewe. Chi ni ya Chicago, Raq ni ya Iraq. Wala Spike Lee, mwongozaji wa filamu, hakulibuni. Vijana wa muziki wa drili, rap iliyozaliwa Chicago, walikuwa wakiliimba miaka kadhaa kabla yeye hajafika na kamera zake.

Baadaye kidogo anatokea mwigizaji Samuel L. Jackson, suti ya kung'aa, fimbo mkononi. Anamkazia mtazamaji macho na kuanza kusema kwa vina. Anatuambia kwamba hadithi hii ilitungwa na Mgiriki mmoja karne nyingi zilizopita. Na hapo ndipo watazamaji wengi wanapopotea. Tumetoka kuhesabu maiti sasa hivi, mbona tumeingia kwenye mashairi? Na mbona kisa chote kinahusu wanawake wanaowanyima wanaume unyumba?

Ili kulifungua fundo hili inabidi tuanzie Athens.

Mgiriki huyo, Aristophanes, aliionyesha tamthilia yake, Lysistrata, mwaka 411 KK. Athens na Sparta walikuwa kwenye uhasama wa vita tangu 431 KK, na hiyo ina maana kwamba mtoto aliyezaliwa vita vikianza alikuwa sasa kijana wa miaka ishirini, mkuki mkononi. Miaka miwili kabla ya onyesho, jeshi ambalo Athens ililipeleka Sicily lilikuwa limeangamia karibu lote, meli na wanamaji na majemadari wake. Kwa hiyo waliokaa kutazama futuhi ile walikuwa watu wenye msiba nyumbani.

Jina Lysistrata maana yake ni mvunja majeshi. Mpango wake wa kwanza unajulikana na kila mtu: anawakusanya wanawake wa pande zinazopigana, akiwemo Lampito wa Sparta, nao wanaapa juu ya bakuli la mvinyo kwamba mume hatapata kitu mpaka amani ipatikane. Mpango wa pili husahaulika, na kwa maoni yangu huo ndio moyo wa tamthilia. Wakati wanawake vijana wanakula kiapo, wanawake wazee wamekwisha kupanda Akropoli, ngome ya kilimani, na kufunga malango. Huko juu ndiko hazina ya jiji ilikowekwa. Fedha za kuwalipa wapiga makasia na za kununulia mbao za meli zimelala nyuma ya malango hayo.

Anakuja ofisa mmoja, miongoni mwa wazee kumi waliopewa madaraka baada ya balaa la Sicily, akitaka fedha za makasia. Anakuta mlango umefungwa. Anawaka: tangu lini wanawake wakashika fedha za umma? Lysistrata anamuuliza kama si wao wanaoshika fedha za matumizi nyumbani. Ofisa anasema hizi ni tofauti, ni za vita. Naye anamjibu kwamba vita si lazima viwepo. Kisha anamweleza kuhusu sufu: jinsi mwanamke anavyoiosha, anavyoitoa takataka, anavyoifungua mafundo taratibu na kuisokota mpaka inakuwa nguo, na kwamba jiji nalo lingeweza kushughulikiwa vivyo hivyo. Ofisa anauliza wanawake wanajua nini kuhusu vita. Hapo kicheko kinakatika. Lysistrata anamkumbusha nani anayezaa hao wana wanaopelekwa. Anawataja wasichana wanaozeekea nyumbani wakingoja. Mwanamume akirudi, asema, hata kama ana mvi, ataoa msichana upesi. Msimu wa mwanamke ni mfupi.

Tamthilia nzima iko hivyo, uchungu uko chini na kichekesho kimeufunika. Tazama Kinesias anapomfuata mkewe Myrrhine. Kaja na mtoto mchanga amtie mama huruma. Myrrhine anajifanya amekubali, lakini hawawezi kulala chini, kwa hiyo anakwenda kuleta kitanda. Anarudi, kumbe anahitaji godoro. Anakwenda tena kuleta mto. Kisha blanketi. Kisha manukato, na akiyaleta anasema siyo yenyewe, anarudi kuleta mengine. Mume yuko taabani. Mwisho anamwambia asisahau kupiga kura ya amani, halafu anatoroka.

Wanawake nao hawakufanywa malaika. Kiapo kinapozidi kuwalemea wanaanza kutafuta visingizio. Mmoja ana sufu nyumbani inayoliwa na nondo, mwingine ameficha kofia ya vita ya mungu Athena chini ya nguo na kudai ana mimba ya kujifungua leo leo. Tena kabla ya kiapo mmoja aliuliza swali ambalo halina kichekesho ndani yake: je, wakituvuta kwa nguvu? Shikilia mlango, akajibiwa. Na wakitupiga? Basi kubali, lakini vibaya, asifurahie. Swali hilo lina zaidi ya miaka 2,400 na halijapoa.

Ikumbukwe kwamba waigizaji wote walikuwa wanaume, na mwanamke wa Athens hakuwa na kura. Kicheko kilitoka kwenye kule kutowezekana: jiji limefikia mahali ambapo hata jambo lisilowezekana linaonekana lina akili kuliko wanayoyafanya viongozi. Hiyo ndiyo kazi ya tashtiti. Haikumaliza vita. Mwaka huohuo wachache wenye nguvu waliipindua demokrasia ya Athens, na vita vikaendelea hadi 404 KK, Athens iliposhindwa.

Sasa twende Chicago.

Lee aliandika mswada pamoja na Kevin Willmott, na filamu ikatoka Desemba 2015, ikiwa ya kwanza kutengenezwa na Amazon Studios. Mahali ni Englewood, mtaa wa upande wa kusini wa jiji. Magenge ni mawili, Spartans wa zambarau na Trojans wa rangi ya chungwa. Kiongozi wa Spartans ni mwimbaji anayejiita Chi-Raq, ameigizwa na Nick Cannon. Wa Trojans ni Cyclops mwenye kitambaa jichoni, yaani Wesley Snipes. Lysistrata, ambaye Teyonah Parris amemwigiza kwa nguvu ajabu, ni mpenzi wa Chi-Raq. Mtoto wa kike anapigwa risasi ambayo haikumlenga yeye, akafa barabarani. Hakuna anayethubutu kumtaja aliyefyatua.

Mama wa mtoto huyo anaitwa Irene, jina linalotokana na neno la Kigiriki la amani. Aliyemwigiza ni Jennifer Hudson, mzaliwa wa Chicago, ambaye mwaka 2008 mama yake, kaka yake na mtoto wa dada yake waliuawa kwa risasi katika jiji hilohilo. Kuna tukio ambalo anaisugua damu ya mwanawe kwenye lami, kwa maji na brashi, mikono yake mwenyewe. Hapo hakuna vina wala dansi. Kila ninaposikia mtu akisema filamu hii inaucheka msiba wa watu, namuuliza kama aliliangalia tukio lile hadi mwisho.

Bibi mmoja mpenda vitabu, Miss Helen wa Angela Bassett, ndiye anayemwelekeza Lysistrata amtafute mtandaoni Leymah Gbowee, mwanamke wa Liberia aliyeongoza wenzake kudai vita vya nchi yao viishe. Kutoka hapo njia inafanana na ya Aristophanes: wanawake wa magenge mawili wanakutana, wanaapa, mgomo unasambaa hadi nchi za mbali. Nao wanateka jengo. Badala ya hazina wanateka ghala la silaha la jeshi, baada ya kumlaghai mkuu wake. Serikali inajaribu kuwatoa kwa kuwapigia nyimbo laini za mapenzi kwa vipaza sauti, wakiamini watayeyuka.

Kuhusu vina, msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko watazamaji wengi wa Marekani waliolalamika kwamba hakuna mtu anayezungumza hivyo. Sisi tumelelewa na ngonjera. Mathias Mnyampala alipoisukuma mbele sanaa ile, watu wawili wakisimama jukwaani na kujibizana kwa beti kuhusu siasa na maisha, hakuna aliyeuliza kama wakulima huzungumza kwa mizani. Tulijua kwamba ubeti unakusanya maneno mazito na kuyafanya yachukulike. Jackson katika filamu hii ni fanani: anafungua hadithi, anaisimamisha, anawatania wahusika, anatugeukia sisi. Vina vinamfanya mtazamaji akumbuke muda wote kwamba huu ni mchezo, ili inapofika damu ya kwenye lami aione kwa macho mapya.

Filamu ilizua ugomvi hata kabla haijaonyeshwa. Meya wa wakati ule, Rahm Emanuel, hakulitaka jina. Diwani mmoja akapendekeza Lee anyimwe nafuu ya kodi ya dola milioni 3. Chance the Rapper, mtoto wa jiji, alisema hadharani kwamba filamu inawanyonya watu wa Chicago. Ya meya hayanishughulishi sana, kwa kuwa jiji linaloona haya kwa jina lingeanza kuona haya kwa hesabu. Ya waimbaji na wakazi yanahitaji kujibiwa, na nadhani yana sehemu mbili za kweli.

Ya kwanza ni mzigo. Kusema wanawake wakiwanyima wanaume unyumba risasi zitanyamaza ni kudokeza kwamba zilikuwa zikilia kwa ajili yao. Mama ambaye amemzika mwanawe anaambiwa sasa kazi ya kuwatuliza wauaji nayo ni yake. Na lile swali la Athens, je, wakituvuta kwa nguvu, filamu haikulipa uzito unaostahili, ilhali katika mtaa wenye bunduki lingetakiwa kuwa swali la kwanza.

Ya pili inahusu muundo wenyewe wa hadithi, na sijaona ikizungumzwa vya kutosha. Futuhi ya Aristophanes inahitaji pande mbili zinazoweza kutia sahihi. Athens ilikuwa na baraza, Sparta ilikuwa na wafalme. Mkataba ukiandikwa, askari watarudi nyumbani. Zamani Chicago nayo ilikuwa na magenge makubwa yenye ngazi za uongozi. Kisha katika miaka ya 1990 serikali ya shirikisho iliwafungulia viongozi wao mashtaka mazito. Larry Hoover wa Gangster Disciples, ambaye tayari alikuwa gerezani, alishtakiwa tena 1995 na kutiwa hatiani 1997. Wakati huohuo maghorofa ya umma yalianza kubomolewa. Robert Taylor Homes pekee yalikuwa majengo 28 ya ghorofa 16 kila moja, na la mwisho liliondolewa 2007. Familia zikatawanyika. Magenge yakavunjika kuwa vikundi vya mtaa kwa mtaa, vingine vya vijana wachache wanaolinda kona moja na kumkumbuka rafiki mmoja aliyekufa. Ugomvi unaanzia kwenye wimbo au tusi la mtandaoni. Hakuna Cyclops wa kumwita mezani. Hata Cyclops mmoja akitia sahihi, kijana wa kona ya pili hajamsikia.

Lee anaijua shida hii kwa kiasi fulani, ndiyo maana alimpa Padri Corridan, aliyeigizwa na John Cusack, hotuba ndefu kwenye mazishi ya mtoto. Padri huyu ametokana na mtu halisi, Michael Pfleger wa kanisa la Saint Sabina. Anapaza sauti juu ya bunduki, ukosefu wa kazi na magereza, na kwa dakika hizo filamu inaacha kabisa kuwa futuhi. Wapo waliosema hotuba inachosha. Mimi naona ndiyo sehemu ambayo filamu inatafuta hazina iko wapi.

Maana ghala la silaha si jibu sahihi. Ni picha nzuri ya sinema, lakini bunduki za Englewood hazitoki kwenye ghala la jeshi. Taarifa ya jiji lenyewe ya 2017 ilionyesha kwamba karibu asilimia 60 ya bunduki zilizokamatwa na kufuatiliwa zilitoka nje ya jimbo la Illinois, na takriban moja kati ya tano ilitoka Indiana, ng'ambo ya mpaka tu. Ukilifunga ghala, barabara ya Indiana iko wazi.

Na kuna jambo filamu iliwahiwa nalo. Tarehe 24 Novemba 2015, siku kumi kabla haijatoka, jiji lililazimika kuachia video ya polisi akimpiga risasi 16 kijana mweusi wa miaka 17, tukio la Oktoba 2014. Mkuu wa polisi akafukuzwa kazi wiki iliyofuata. Filamu ambayo karibu macho yote ameelekezewa kijana wa genge ilionekana ghafla imemwacha mtu mwingine mwenye silaha nje ya picha.

Sasa turudi kwa Gbowee, kwa kuwa ndiye ushahidi ambao filamu inauita, na ushahidi wake unasema jambo tofauti kidogo na linalosimuliwa. Mwaka 2003 wanawake Wakristo na Waislamu wa Liberia walivaa fulana nyeupe, wakakaa kwenye uwanja karibu na soko la samaki Monrovia, juani na mvuani, siku baada ya siku, msafara wa rais Charles Taylor ukipita hapohapo. Mgomo wa unyumba ulikuwepo. Gbowee mwenyewe ameandika baadaye kwamba kwa vitendo haukuleta mabadiliko makubwa. Faida yake ilikuwa kuwaleta waandishi wa habari. Mambo yaligeuka Accra, Ghana. Mazungumzo ya amani yakiwa yanasuasua, wajumbe wakila na kulala hotelini, wanawake walikwenda kukaa kwenye milango ya ukumbi, mikono imeshikana, wakasema hakuna kutoka mpaka mkataba uwepo. Walinzi walipotaka kumkamata, Gbowee alianza kuvua nguo.

Afrika Mashariki haihitaji kuelezwa kitendo hicho. Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Wangari Maathai katika Uhuru Park, Nairobi, walivua nguo mbele ya polisi waliokuwa wakiwapiga. Mama akikuvulia nguo amekulaani, na askari alijua. Nguvu hiyo haina uhusiano na kitanda hata kidogo. Waliendelea na madai yao wakiwa kanisani hadi, baada ya muda mrefu, wengi wa wana wao wakaachiliwa.

Kenya ilijaribu pia njia ya Lysistrata moja kwa moja. Aprili 2009, mashirika ya wanawake chini ya kundi lililoitwa G10 yalitangaza siku saba za kususia tendo la ndoa, kuwashinikiza Mwai Kibaki na Raila Odinga wamalize mivutano iliyokuwa inaizamisha serikali ya mseto, mwaka mmoja tu baada ya umwagaji damu wa uchaguzi. Ida Odinga alitangaza kuwaunga mkono. Dunia nzima iliandika habari hiyo, redio zikajaa simu za wanaume. Siku saba zikaisha, na mivutano ikabaki. Ukiuliza tofauti yake na Accra, ni mlango. Accra kulikuwa na ukumbi na watu ndani, na wanawake wakaushika. Nairobi hapakuwa na hazina iliyofungwa.

Kwa hiyo tukirudi Chicago swali la kuuliza ni hili: Akropoli ya upande wa kusini ni ipi? Mwishoni mwa filamu kunafanyika shindano la kitanda kati ya Lysistrata na Chi-Raq, linarushwa moja kwa moja, kisha zinakuja sahihi na ahadi za ajira na matibabu, na hatimaye Chi-Raq anakiri kwamba risasi iliyomuua yule mtoto ilikuwa yake. Sehemu ya ahadi hupita haraka, watu wameshikwa na kitanda. Lakini matibabu si jambo la kupita haraka. Tangu 1991 upande wote wa kusini wa Chicago haukuwa na hospitali yenye kitengo cha juu cha majeruhi watu wazima, katika eneo ambalo risasi zililia kuliko kwingine. Mwaka 2010 kijana wa miaka 18, mwenyewe mwanaharakati, alipigwa risasi mitaa michache kutoka hospitali kubwa ya Chuo Kikuu cha Chicago. Gari la wagonjwa liliipita hospitali hiyo likampeleka katikati ya jiji, mwendo wa kilomita kama 15. Alifariki.

Wenzake hawakumwacha apotee hivyo. Waliandamana miaka mitano, wakakamatwa, wakarudi. Juni 2015, majira yaleyale ya kiangazi ambayo Lee alikuwa mitaani na kamera, waandamanaji tisa walijifungia ndani ya jengo la utawala la chuo na kuziba milango. Wazima moto walilazimika kuvunja ili kuwatoa. Hawakuwa na vina wala kiapo cha mvinyo, lakini jengo walilolichagua ndilo lenye ufunguo wa fedha, na Lysistrata wa mwaka 411 KK angelitambua mara moja.

Septemba mwaka huo chuo kilitangaza kwamba kitengo kitajengwa. Kilifunguliwa tarehe 1 Mei 2018. Siku hizi, gari la wagonjwa likitoka Englewood na mtu mwenye jeraha la risasi, halina haja ya kuvuka jiji zima.